Siku ya mwisho ya likizo nje ya nchi mkiwa wawili, jinsi ya kuimaliza bila kununiana

Niseme tu ukweli, mkiwa wawili siku ya mwisho ya likizo ndo siku ya kugombana. Siku kumi nzima mnacheka, mnapigana picha, mnashikana mikono kama mmeoana jana, afu asubuhi ya kuondoka mmoja anatafuta chaja, mwingine anauliza "kwani hukuiweka wewe?", na hapo kila kilichokaa moyoni tangu siku ya kwanza kinamwagika. Mimi na mume wangu kuna safari tulikaa kiti kwa kiti masaa tisa bila kusemeshana kisa uzito wa begi, na mabaya ya begi lile hayakuishia kwenye ndege, nitafika huko. Huu mwongozo ni vile tunavyofanya sasa hivi. Kwa kifupi, kazi zote za siku ya mwisho tunazifanya jana yake usiku, ili siku yenyewe tubaki na mambo mawili tu, kufurahia kitu kimoja na kuwahi ndege.

Hatua ya 1: Someni tiketi upya, wote wawili, kwa sauti

Sio mmoja asome mwingine aitikie huku anaangalia simu. Kila mtu ashike tiketi yake asome tarehe, saa, uwanja na jengo la kuondokea.

Tarehe ndo inaua watu. Tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 15, maana yake mnatoka hotelini tarehe 14 jioni. Ukilala tarehe 14 kwa raha zako, ukaamka tarehe 15 ukasema leo jioni tunaondoka, ndege ilishapaa ukiwa unakoroma. Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada, maana 07:30 mmoja ataiita saa moja na nusu asubuhi, mwingine aliyezoea kusoma saa ya kwenye simu anasema "saa saba na nusu" na mwenzake anasikia mchana kweupe. Kwa mambo ya ndege tajeni tarakimu kama zilivyoandikwa, sifuri saba thelathini, basi. Na kumbukeni saa ya kwenye tiketi ni saa ya hapo mlipo, sio ya nyumbani. Kama mpo Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi au ya mwisho ya Oktoba saa zinasogezwa usiku huo, ya Machi ndo mbaya kwa sababu inakuibia lisaa lizima la usingizi, kwa hiyo kengele ya kuamka wekeni kwenye simu inayojirekebisha yenyewe.

Uwanja nao. Miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja na havipo jirani. Tokyo kuna Haneda na kuna Narita, na Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya jiji. Istanbul kuna uwanja mkubwa upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen upande wa Asia, ukikosea unavuka bara. Bangkok kuna Suvarnabhumi na Don Mueang. Na hata ukiwa uwanja sahihi majengo ni mengi, kufika jengo siyo ukiwa umebakiza dakika arobaini ni presha tupu.

Mkishasoma, fanyeni chekini mtandaoni. Mashirika mengi yanafungua masaa 24 kabla, mengine mapema zaidi. Kama mlinunua tiketi tofauti, kila mtu na namba yake, mfumo haujui kama ninyi ni wawili na unaweza kumtupa mmoja siti ya nyuma kabisa katikati ya wageni, kwa hiyo ikifunguka tu kila mtu aingie achague. Bodingi pasi ipigeni skrinshoti, msitegemee wifi ya uwanjani. Mkiambiwa mpite kaunta kuhakikiwa nyaraka hata baada ya chekini ya mtandaoni msishangae, inategemea paspoti na mnakopitia.

Na viza. Eneo la Schengen (nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja) ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Ndege ya usiku wa manane inaweza kukuongezea siku moja bila wewe kujua, na siku moja tu inatosha kukuletea maswali safari nyingine.

Hatua ya 2: Pimeni mabegi usiku, sio kaunta

Hapa ndo roho ya mwongozo wote. Begi la daraja la kawaida kwenye mashirika mengi ni kilo 23, na hata ukiwa tayari kulipia, begi moja likivuka kilo 32 mara nyingi halipokelewi, wanaolibeba ni binadamu wana migongo. Kamizani ka kuning'iniza ni kadogo na kanakaa mfukoni. Kama hamna, na hotelini kuna mzani wa kusimama, simama bila begi, simama na begi, toa.

Angalieni kama tiketi zenu zinahesabu idadi ya mabegi au uzito wa jumla. Zikihesabu uzito, wawili wenye kilo 30 kila mmoja mkienda kaunta pamoja mara nyingi wanawajumlishia. Zikihesabu begi hakuna cha kujumlisha, begi lako likiwa 25 na la mwenzako 19 bado wewe umezidisha, hamisheni vitu. Na hamisheni chumbani. Kufungua begi sakafuni mbele ya foleni ya watu, nguo za ndani nje nje, mmoja anatupa viatu mwingine anasema "nilikwambia usinunue", hapana jamani.

Changanyeni nguo. Nguo zake chache begi langu, zangu chache begi lake. Begi moja likipotea kila mtu bado ana cha kuvaa.

Kwenye begi la mkononi kunaingia dawa, vito, hati, kompyuta, funguo za nyumbani na pawabanki. Pawabanki haiingii begi la chini hata siku moja, ni sheria ya usalama kwa sababu betri za lithiamu zikiwaka moto huko chini hakuna wa kuziona. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kujua yako zidisha mAh kwa volti gawanya kwa 1000, ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, inaruhusiwa. Ya 100 mpaka 160 inahitaji ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo sahau. Siku hizi wamekaza zaidi, Korea Kusini kwa mfano tangu Machi 2025 mashirika yao hayataki uiweke sanduku la juu ya kichwa, unakaa nayo hapo ulipo.

Vimiminika ni chupa za mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja. Kuna viwanja vimeweka mashine mpya na vimelegeza, ila kama mnabadilisha ndege, uwanja wa katikati unaweza kuwa bado na sheria ya zamani na wao hawajali mlikotoka waliwaruhusu. Manukato niliyonunuliwa zawadi ya ndoa yaliishia kwenye pipa la takataka hivyo hivyo, mililita 125, nimeyapaka mara mbili tu. Ukinunua duka lisilo na ushuru acha ule mfuko umefungwa na risiti ndani, usiufungue kwa hamu. Na mkipitia Marekani, mabegi mnayachukua uwanja wa kwanza wa kuingilia kisha mnayarudisha tena, tumieni nafasi hiyo kuiingiza ile chupa begi la chini.

Mwisho wa hatua hii pigeni picha mabegi, nje na ndani. Dakika moja tu. Mtaniambia.

Hatua ya 3: Pekueni zawadi zenu kama afisa forodha

Makombe ya baharini, matumbawe, gamba la kasa, pembe, ngozi ya mamba, vitu hivi vinaguswa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, unaofanya kazi tangu 1975, na muuzaji kukwambia "haina shida" haikusaidii lolote mbele ya afisa. Hata mchanga. Mwaka 2019 wapenzi wawili kutoka Ufaransa walikamatwa Sardinia, Italia, na karibu kilo 40 za mchanga mweupe wa ufukweni kwenye gari lao, wameujaza kwenye chupa za plastiki, wakasema walitaka kumbukumbu tu na hawakujua kama ni kosa. Kule sheria inakataza na faini yake ni euro 500 mpaka 3,000.

Matunda, mbegu, nyama, maua, vitu vya mbao visivyopakwa kitu, kama mnaelekea Australia au New Zealand, tangazeni kwenye fomu. New Zealand tofaa moja ulilosahau kwenye begi faini yake ni dola zao 400 papo hapo. Ukitangaza wakalichukua hakuna faini, umepoteza tofaa.

Hatua ya 4: Kodi na chenji

Hii ni kwa walionunua vitu vya maana, wengine rukeni. Nchi za Umoja wa Ulaya zinarudisha VAT kwa mtu anayeishi nje ya umoja, ila lazima muwe na fomu ya dukani, na bidhaa zioneshwe forodha kabla begi halijaondoka kwenda chini. Watu wanakabidhi begi kwanza afu ndo wanakumbuka, imekula kwao. Na fomu ni ya mwenye paspoti iliyotumika dukani, kama mkoba ni wa mke lakini paspoti iliyooneshwa ni ya mume, basi mume ndo anapanga foleni na mkoba begani, hamna namna. Mkipita nchi mbili za Ulaya kabla ya kutoka, muhuri unagongwa nchi ya mwisho. Uingereza msihangaike, London na kwingineko, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, walishafuta marejesho ya hivyo kwa wageni mwaka 2021.

Chenji, sarafu hazibadilishwi karibu popote, zimalizeni leo. Sisi tunapeleka pesa taslimu yote iliyobaki kwenye bili ya hoteli kwanza, inayopungua ndo inalipwa kwa kadi. Na mashine ya kadi ikiuliza unataka kulipa kwa pesa ya kwenu au ya hapo, chagueni ya hapo. Ile ya kwenu inaonekana tamu kwa sababu unaielewa ila kiwango chao cha kubadilisha kimejaa faida yao. Muulizeni pia mtu wa mapokezi ile pesa waliyoizuia kwenye kadi siku ya kwanza inaachiwa lini, mara nyingi inachukua siku kadhaa na wengi wanadhani wameibiwa.

Hatua ya 5: Chumba

Mmoja bafuni, mwingine chumbani, afu mbadilishane. Macho ya pili yanaona. Nyuma ya mlango wa bafu, chini ya kitanda, ndani ya shuka (soksi na simu zinapenda kulala humo), soketi zote, friji kama kuna dawa, na sefu. Ujanja wa sefu ni huu, usiku weka kiatu kimoja cha kuvalia kesho humo ndani pamoja na paspoti. Huwezi kutoka hotelini na kiatu kimoja.

Mabegi acheni mapokezi mkitaka kuzunguka, hoteli karibu zote zinapokea. Paspoti na dawa hapana, hizo mnatembea nazo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe, kitu kimoja tu

Sasa kama mlifanya ya juu jana usiku, mmeamka hamna kazi. Usiku huo wa jana ndo tunaolipia, asubuhi hii ndo tunayoila.

Chagueni kitu kimoja. Sio kimoja chako na kimoja changu, hivyo ni viwili na vya tatu vitajipenyeza. Kiwe karibu, kisichotegemea boti wala hali ya hewa wala barabara moja ya mlimani. Sisi tunarudi mahali tulipopapenda siku ya kwanza, tunakaa tu. Siku ya kwanza ulipaona kwa macho ya mgeni, siku ya mwisho unamjua mpaka yule mzee anayekuja na mbwa wake saa ileile, na ni raha fulani ambayo sehemu mpya haikupi.

Vya kuepuka. Kupiga mbizi na mitungi, hapa sio ushauri wa uoga, ni fizikia. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni kama upo mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, na naitrojeni iliyojaa mwilini ukiwa chini ya maji inaweza kutoka kama mapovu ya soda. Wataalamu wa usalama wa mbizi wa DAN wanashauri usubiri angalau masaa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, 18 kama ulizama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo mbizi ziishe juzi. Kuogelea juu juu kwa miwani hakuna shida. Jua pia, mgongo uliobabuka ukikaa nao kwenye siti usiku kucha utajuta kuzaliwa. Na tumbo, leo sio siku ya kulitambulisha kwa mgeni.

Halafu hili wengi hawalipendi lakini limetuokoa: achaneni masaa mawili. Mmoja anataka maduka, mwingine anataka kulala kwenye kiti cha bwawa, kila mtu akafanye lake. Kwenda wote dukani mmoja amenuna ndo mwanzo wa vita. Muafikiane mahali na saa kabisa, "saa nane kamili kwenye ngazi za mapokezi", sio "nitakupigia", maana siku ya mwisho bando limeisha na simu ina asilimia nne. Laini ya kule msiitoe mpaka mfike, na laini ya nyumbani iwashwe ipokee ujumbe wa benki wenye namba za siri, mkilipa kitu dakika za mwisho utaihitaji.

Hatua ya 7: Uwanjani

Msihesabu kurudi nyuma kutoka saa ya ndege kupaa. Hesabuni kutoka saa ya kaunta kufungwa, ambayo kwa safari za nje mara nyingi ni lisaa limoja kabla. Ndo maana watu wanasema masaa matatu. Ulaya sasa ongezeni kidogo, kwa sababu mfumo wao mpya wa kuchukua alama za vidole na picha za wageni, ulioanza Oktoba 2025, umerefusha foleni za uhamiaji sehemu nyingi, na unawahusu wanaotoka pia.

Kila mtu ashike paspoti yake. Najua kuna familia baba ndo anakusanya zote kama mwalimu wa zamu, ila ule mkoba ukiibiwa mmepotea wote wawili, na mmoja akienda chooni muda wa kuitwa ndo mnaanza kukimbizana. Kama paspoti zenu ni za nchi tofauti mnaweza kupelekwa foleni tofauti, kubalianeni kabla mtakutana wapi upande wa pili. Mmoja akivutwa pembeni kukaguliwa mwingine asirudi nyuma kubishana, asimame pale mbele anapoonekana, asubiri. Na utani wa mabomu sijui madawa, hapana, hata kwa kunong'onezana, hata kwa Kiswahili.

Hatua ya 8: Begi lisipotokea

Mkifika mkanda ukazunguka mpaka ukabaki na begi moja jekundu lisilo na mwenyewe, msitoke nje. Nendeni dawati la mizigo humohumo ndani, mfunguliwe ripoti, mpewe namba. Ile stika waliyokubandikia nyuma ya bodingi pasi ndo inayotafutiwa begi, msiitupe ndegeni, na zile picha za jana usiku ndo zinafanya kazi sasa. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi nyingi zimeukubali, unatoa siku 7 kudai kwa maandishi begi lililoharibika, na siku 21 tangu upokee lililochelewa. Tunzeni risiti za mswaki na nguo mlizonunua kwa dharura.

Na turudi kwenye lile begi letu la masaa tisa. Hatukupima usiku. Kaunta ikasema langu limezidi kilo nne na begi la mkononi nalo limezidi, tukalifungua sakafuni, mume wangu akawa anahamisha vitu haraka haraka huku foleni inaguna, mimi nimekunja mikono naangalia pembeni kwa hasira, sikuona anachohamisha na yeye hakuuliza. Tukanuna, tukapaa, tukatua. Begi la chini halikufika. Tukajaza ripoti, tukachukua teksi, bado hakuna anayemsemesha mwenzake, tukapanda ngazi mpaka mlangoni kwetu, kila mmoja akasimama akimsubiri mwenzake afungue.

Funguo zilikuwa kwenye begi. Tulikaa kwenye ngazi mpaka asubuhi ndugu yangu alipoleta za akiba, na hapo ndo tulianza kuongea.